Mkono Uliosema Moto Umekufa

Baba mkubwa wangu alikuwa na kazi ambayo nikiwaeleza wenzangu shuleni wananiona mwongo. Kazi yake ilikuwa kugusa ardhi. Moto wa msituni ukishazimwa, watu wakishaweka chini fimbo zao za kuupigia na kugombania dumu la maji, yeye ndiye aliyebaki akitembea juu ya majivu. Anainama, anaweka mkono, anangoja, anasogea. Akimaliza alisema neno moja tu: "Umekufa." Hapo kikosi kizima kinapanda gari. Asipolisema hakuna aliyeondoka, hata kama jua linazama na matumbo yanaunguruma.

Wenzake kwenye kikosi cha moto cha shamba la miti walimwita Koleo. Jina lilitokana na vidole vyake. Aliweza kuokota kaa linalowaka, akamwashia mtu sigara, kisha akalirudisha motoni polepole kama anayerudisha yai chini ya kuku. Wageni wapya kazini waliletwa kwake waone, na yeye hakuwanyima.

Nilihamia kwake nilipoanza sekondari, kwa kuwa nyumba yao ya kambi ya wafanyakazi iko karibu na shule kuliko kwetu. Tulikuwa wanne: yeye, mama mkubwa, mtoto wao wa mwisho Kaka Twiga, na mimi. Kaka Twiga jina lake linajieleza. Akiingia mlangoni alikuwa anainama kwanza, na bado mara nyingi alijigonga. Naye alikuwa kwenye kikosi hicho hicho cha baba yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, viatu vya mpira vimepangwa kibarazani, na mapazia yenye harufu ya moshi ambayo sabuni ilishindwa kuitoa. Mama mkubwa alisema yeye aliolewa na moshi, mume alikuja kama nyongeza.

Wakija wageni, mama mkubwa alikuwa na mchezo wake. Alisubiri maji yachemke kabisa jikoni, kisha akaita kwa sauti ya mtu asiye na habari, "Mzee, hebu nishushie hiyo sufuria." Koleo akaenda, akaishika kwa mikono mitupu, akaivusha hadi mezani bila haraka. Wageni wakashika vichwa. Mama mkubwa akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. "Mimi tangu niolewe sijawahi kununua kitambaa cha kushikia sufuria," alisema. "Nimekwishaoa koleo."

"Umeolewa na koleo," Kaka Twiga alimsahihisha.

"Nyamaza. Nimeoa. Angalia nani anatumwa."

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza, na Koleo hakuchoka nao. Nilimuuliza moto wa msituni unaanzaje. Akasema, "Watu." Nikamwambia mwalimu anasema na radi pia. Akasema radi ipo, lakini radi huja na mvua yake, mara nyingi hujizima yenyewe. Mtu haji na mvua. Akanihesabia: mkulima anachoma shamba ili asilime majani, anakwenda kunywa maji nyumbani, upepo unambadilishia mipango. Mrina asali anaacha kijinga chake cha moto chini ya mti. Mchungaji anataka majani mapya kwa ng'ombe. Mchoma mkaa anasinzia. Dereva anarusha kichungi cha sigara dirishani. "Na wote ukiwauliza," akasema, "kila mmoja atakuambia aliuacha moto wake ukiwa mdogo."

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nusu ya kazi ya wazima moto ilikuwa kuwasha moto. Mvua zikikatika tu, majani yakiwa bado na ubichi, walikwenda kuchoma vipande vya nyasi pembeni mwa miti. Majani mabichi huungua kwa uvivu, moto unatambaa chini, unaweza kuuruka kwa miguu. Kiangazi kikija kweli kweli, moto kichaa, yaani ule usio na mwenyewe, unafika pale na kukuta hakuna cha kula. Kati ya kipande kilichochomwa na miti kulikuwa na njia ya moto: ukanda wa udongo mtupu, umepaliwa mpaka hauna hata jani, upana wa kugeuzia lori.

"Sasa kama njia ipo na nyasi zimeshachomwa," nikamuuliza, "wewe unagusa nini?"

"Mizizi," akasema. "Moto wa juu una kelele, yeyote anaupiga. Unaoingia kwenye kisiki hausemi kitu. Unakula mzizi taratibu, wiki nzima, zaidi ya wiki, halafu siku ya upepo unatoka. Jicho haliuoni. Mkono unausikia."

Kulikuwa na mwiko mmoja kwenye kazi hiyo. Mgusaji akishagusa, hakuna anayegusa nyuma yake. Haikuandikwa popote, lakini hata msimamizi wa shamba, mwenye vyeo na redio kiunoni, hakuthubutu. Kugusa nyuma ya mgusaji ilikuwa ni kumwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba anadanganya.

Mwaka huo mvua ziliondoka mapema na upepo ukaja kabla ya wakati wake. Nilikuwa darasani. Kwanza mwanga dirishani uligeuka rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili, halafu kitu chepesi kikaanguka juu ya daftari langu. Nilidhani ni mdudu. Nilipokifuta kiliacha mstari mweusi. Mwalimu akatupeleka uwanja wa mpira, kwa sababu uwanja wetu haukuwa na nyasi kabisa, jambo tulilokuwa tukililalamikia kila siku. Tukakaa katikati tumefunika pua kwa masweta, tukasikiliza misonobari ikipasuka mlimani kama mtu anayevunja kuni hasira zimempanda.

Kaka Twiga na mwenzake walikuwa ubavuni mwa moto, wanaupiga kwa fimbo zenye kipande cha tairi mwishoni. Upepo ukageuka. Mwenzake akakimbia kuteremka, akatumbukia kijitoni, akapona. Kaka Twiga alikimbia kupanda. Kila mzima moto anafundishwa siku ya kwanza kwamba moto unapanda mlima kwa kasi kuliko mtu, kwa sababu joto lake linatangulia na kukausha majani yaliyo juu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini ndani ya moshi, mwenzake alituambia, hujui ipi ni juu, ipi ni chini. Unakimbilia penye hewa.

Aliyempata ni baba yake. Hajawahi kusema alimkuta vipi, na hilo peke yake sijamuuliza.

Baada ya mazishi kambi nzima ilitaka mtu wa kulaumu. Akapatikana Masizi, mchoma mkaa wa bondeni, mwanamume mkimya mwenye kucha nyeusi aliyekuwa akikata miti bila kibali tangu mimi sijazaliwa. Tanuri lake lilikuwa linatoa moshi wiki hiyo, wote waliliona. Polisi wakamchukua. Vijana wakaenda kulivunjavunja tanuri, na mke wake akahamia kwa ndugu zake na godoro kichwani.

Jumamosi moja msimamizi alikuja sebuleni kwetu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee Koleo," akasema, "polisi wanataka mtu awaonyeshe moto ulipoanzia. Mahakama haitaki maneno ya watu. Na hakuna anayeweza kuyasoma majivu kama wewe. Lakini ukisema huwezi, tutaelewa. Kila mtu ataelewa."

"Nitakwenda," Koleo akasema. "Nataka niufuate moto mpaka kwenye tanuri lake, nilione kwa macho yangu."

Mama mkubwa alikuwa amekaa chini, anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Ukilifikia," akasema, "rudi uniambie. Nina maneno nimemwekea huyo mtu, nataka kujua kama ni ya kwake."

Koleo akaniambia nivae viatu. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi tangu msiba, hayakauki. "Njoo unisomee majivu," akasema.

Msimamizi alibaki na gari chini ya mlima, sisi tukapanda kwa miguu. Sikujua kimya kinaweza kuwa hivyo. Hakuna ndege, hakuna panzi, ni sauti ya viatu vyetu tu vikivunja vitu vyeusi. Kijito kilikuwa na maji kama wino. Mahali palipokuwa na mteremko mkali, udongo ulikwishaanza kuporomoka, hauna tena mizizi ya kuushika. Koleo alisimama mahali fulani mlimani, akavua kofia, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaivaa. Nikajua ni hapo. Kuanzia hapo tukaanza kurudi nyuma, kuelekea moto ulikotoka.

Alinifundisha akitembea. Jiwe linakuwa jeusi upande ule moto ulikotokea, upande wa pili linabaki jeupe. Shina la mti linaungua juu zaidi upande wa mgongo wa upepo, yaani ule usiopigwa na upepo. Nyasi ngumu zikiungua kwa chini, vikonyo vyake huanguka vikionyesha moto ulikotoka, kama watu wanaogeuka kumtazama aliyewasukuma. Ukikaribia chanzo, weusi unashuka, majani ya juu yanabaki ya kahawia tu, kwa kuwa moto ulikuwa bado mtoto. Mimi nilikuwa nasoma na kumwambia: hili jeusi huku, lile jeusi huku. Katikati ya huzuni yote ile nilikuwa nafurahia kujua, na nilijisikia vibaya kwa furaha hiyo.

Nilitaka alama ziteremke bondeni. Ninasema wazi. Zikiteremka, Masizi angebaki ndani, na baba mkubwa angekuwa na mtu wa kumchukia, na mama mkubwa angekuwa na pa kupeleka maneno yake. Kwa muda mrefu ziliteremka kweli. Tukaliona tanuri kwa chini, kifusi cha udongo mwekundu na magogo yaliyosambaa. Koleo akaongeza mwendo.

Halafu mawe yakakataa. Lile la kwanza nililidharau. La pili pia. La tatu lilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, na upande wake wa bondeni ulikuwa mweupe safi, hauna hata doa.

"Weusi uko wapi?" akaniuliza.

"Upande wa juu. Wa kushoto."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Akalizunguka mwenyewe, akalizunguka tena, akalipapasa. "Basi ulipita hapa ukaenda kulikuta tanuri," akasema taratibu. "Haukutoka kule." Akabaki anatazama kushoto, kule ambako hakukuwa na kitu chochote isipokuwa njia ya moto, na ng'ambo yake kile kipande cha nyasi walichokuwa wamekichoma wao wenyewe mvua zilipokatika. Majani yalikwishaanza kuchipua pale, kijani kibichi kabisa, kama dharau.

"Moto hauwezi kuvuka hapa," akasema. "Hakuna cha kula. Niambie wewe, ungevukaje?"

Nilikuwa nimeona tundu. Lilikuwa ukingoni mwa njia, upande wetu, upana wa mkono wangu, na mdomo wake umeungua ukawa mwekundu kama tofali. Weusi wote wa mlima ulianzia kwenye tundu lile, unapanuka kama feni. Nikachukua kijiti nikakiingiza, kikaingia chote. Nikatafuta kirefu zaidi, nacho kikaingia, kinaelekea chini ya njia, ng'ambo ya pili.

Koleo alivuka njia. Nilipomfuata nilimkuta amesimama juu ya shimo. Palikuwa na kisiki hapo, kikubwa, cha mti wa zamani uliokatwa kabla ya misonobari kupandwa. Sasa hakikuwepo. Kilichobaki ni shimo lenye mashimo mengine yanayotoka ndani yake kila upande, mahali mizizi ilipokuwa, kama glovu iliyozikwa halafu mkono ukachomolewa. Tundu moja lilikwenda moja kwa moja chini ya njia ya moto.

"Hiki nilikigusa mimi," akasema.

"Labda kilishika moto baadaye, baba mkubwa. Labda mtu alipita."

"Mzizi haushiki baadaye."

Akachuchumaa. Nilidhani ataanguka, nikamshika bega, lakini alikuwa anapima mahali. Akanionyesha kwa kidevu pale nilipokuwa nimesimama.

"Alikuwa hapo hapo. Kulikuwa na moshi mdogo, kama wa sigara ya mtu mmoja. Akasema, 'Baba, pale.' Nikamwambia ni mvuke, kuna umande. Nilikuwa nimeshagusa, nimesikia baridi. Akainama, akataka kuweka mkono. Sikumwambia neno. Nilimtazama tu. Wenzake walikuwa wanaona. Akasimama, akajifanya anapangusa suruali."

Upepo ulikuwa unapeperusha majivu kati yetu. Akavigeuza viganja vyake, akavitazama mbele na nyuma kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyempa ashike.

"Tangu lini?" akauliza. "Mikono hii, tangu lini haisikii?"

"Sijui, baba mkubwa."

"Mama yako mkubwa anajua?"

Nilitamani kusema uongo, na sikuupata. "Sote tulikuwa tunajua," nikamwambia. "Ndiyo tuliyokuwa tunaicheka."

Hakuna aliyewahi kuunganisha vitu hivi viwili, sufuria ya wageni na kisiki cha msituni. Kikosini walimwona ni fundi wa moto kuliko wote kwa sababu haungui. Baadaye kwenye zahanati daktari alimfumbisha macho, akamchoma kwa pini vidoleni, na Koleo akawa anamuuliza ataanza saa ngapi. Miaka yote ya majivu ya moto ilikuwa imeua mishipa ya fahamu, kidogo kidogo, na kila ilipokufa kidogo sifa yake ilipanda.

Tuliteremka mpaka kwenye gari. Akamwambia msimamizi yote, kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa ya kazi. Msimamizi alimsikiliza akichezea kitufe cha redio.

"Mzee, umechoka," akasema mwishowe. "Nenda ukapumzike. Masizi si malaika, kila mwaka anatukatia miti. Akikaa ndani kidogo hakuna atakayelia. Na wewe umeshapoteza vya kutosha."

"Miti alikata," Koleo akasema. "Mwanangu hakumuua. Nipeleke kituoni."

Akapelekwa, akaandikisha maelezo, na Masizi akatoka. Nilikuwepo siku aliyotoka, kwa sababu Koleo alitaka kwenda kumwona na hakukuwa na mwingine wa kumsindikiza. Masizi alipita karibu yetu, shati limemlegea mwilini. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa. Alisimama tu akasema, "Pole na msiba, mzee," akaendelea kutembea. Baba mkubwa alimfuata kwa macho. Nadhani matusi yangemsaidia zaidi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile tulirudi nyumbani kutoka kituoni tukamkuta mama mkubwa bado yuko chini na sinia lake la maharage. Koleo hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia.

Mama mkubwa aliendelea kuchambua mpaka akamaliza rundo lililokuwa mbele yake.

"Twiga alikuonyesha?" akauliza.

"Alinionyesha."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Halafu akainama aguse."

"Na wewe ukamtazama."

"Nikamtazama."

Akasogeza sinia pembeni, taratibu, yasimwagike. "Mkono ningekusamehe, mume wangu," akasema. "Mkono ni ugonjwa, na mimi mwenyewe nimeuchezesha mbele ya wageni. Hilo ni letu sote wawili, ningelibeba nusu. Ni hayo macho. Mtoto anakuambia baba pale, unamnyamazisha kwa macho ili watu wasikuone umekosea. Hilo siwezi kulishika popote."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Siku chache baadaye alikwenda kwa dada yake, kwanza tukasema ni kupumzika, na nguo zake nyingi zikabaki msumarini. Kisha dada yake akatuma mtu kuja kuzichukua.

Shamba lilibadilisha utaratibu. Sasa wanagusa wawili, na wa pili lazima awe mdogo kwa wa kwanza, na mdogo akisema bado, ni bado. Msimamizi alilitangaza hilo kwenye paredi ya asubuhi bila kutaja jina la mtu. Koleo alihamishiwa kitaluni, kujaza udongo kwenye viriba vya miche watakayoipanda pale palipoungua. Watu wanasema tu "mzee wa kitalu". Lile jina lingine lilikufa lenyewe, hakuna aliyelikataza.

Mimi bado ninaishi naye. Tunapika kwa zamu, yeye anaunguza, mimi nazidisha chumvi. Juzi nilimuuliza kama anadhani mama mkubwa atarudi. Alikuwa anafua shati, ameinamia beseni.

"Usiende kumuuliza," akasema. "Mwache. Mimi mwenyewe ningekuwa na namna ya kuhama nikajiacha hapa, ningehama."

Akalikamua shati, akalitundika kwenye kamba, akaniuliza kesho nina mtihani wa somo gani.